Usiache mboga, usirukeruke: mazungumzo kuhusu chakula na warfarini

(Mazungumzo haya niliyatoa Kigoma mjini, mbele ya wagonjwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda na ndugu wanaowauguza. Nimeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali yaliyonikatiza.)

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Ndugu zangu wa Kasulu na Buhigwe, mwakeye. Naona watu wa Ujiji wamefika kabla ya watu wa Mwanga, kama kawaida yao. Na naona wapishi wapo. Hilo ndilo nililoliomba tangu mwanzo: kila mgonjwa aje na yule anayempikia, awe mke, binti, dada au mkwe. Kidonge mgonjwa anakimeza mwenyewe, lakini sufuria iko mikononi mwa mtu mwingine, na leo tunazungumza habari za sufuria.

Mimi ni mfamasia. Najua mtaniita dokta, nimeshazoea, lakini nataka mjue kazi yangu ni dawa. Kwa warfarini, hiyo dawa yenu ya kuzuia damu kuganda, kazi hiyo inanilazimisha kuuliza maswali ya jikoni.

Nianze na maneno mnayoyajua wote: "Ukianza warfarini, mboga za majani basi." Wangapi mmeambiwa hivyo? Nyoosheni mikono. Haya, shusheni. Wengine mmeambiwa na majirani. Wengine, nasikitika kusema, mmeambiwa na watu waliovaa koti jeupe kama langu. Mgonjwa anaruhusiwa, foleni ni ndefu, mtu anatupa sentensi moja ya haraka, na mgonjwa anaibeba sentensi hiyo mpaka nyumbani kama amri. Nimekuja kuipinga. Kuleni mboga. Ninachoomba ni kwamba kiasi unachokula wiki hii kifanane na cha wiki ijayo, na ukiona kitabadilika, utuambie kabla hakijabadilika.

Nitawapa kisa kimoja. Mama mmoja wa mwambao wa huku kwetu, mwenyewe ameniruhusu nikiseme ila jina nisilitaje, alibadilishiwa valvu ya moyo Dar es Salaam. Akarudi kwa treni na daftari lake la INR, kile kipimo cha damu kinachopanda kadiri damu inavyochelewa kuganda, na onyo la kuacha mboga. Akatii. Kwa miezi akawa anakula ugali wa muhogo, migebuka, dagaa, maharage, chai. Dawa yake ikapangwa miligramu 5 kwa siku, INR yake ikatulia pale daktari alipotaka. Mtamwambia nini? Amefuata kila kitu.

Kisha akaenda Kasulu kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake. Mnajua harusi zetu: ukienda hurudi kesho. Huko akakaa wiki mbili na zaidi, na wifi zake wakampikia kisamvu, matembele, majani ya maboga. Angewezaje kukataa sahani ya wifi? Aliporudi akapima: INR 1.4. Ni kama mtu ambaye hamezi dawa vya kutosha. Akaulizwa, "Mama, unaruka vidonge?" Akaapa kwamba haruki. Akaongezewa dozi hadi miligramu 7.5. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi wala alikula nini. Akarudi kwenye ugali wake na migebuka yake, bila jani hata moja, na sasa dozi ni kubwa. Baada ya muda pua ikaanza kutoka damu usiku, ikawa haikatiki, na fizi zikawa zinatoa damu akipiga mswaki. Kipimo kikasoma 5.8.

Angalieni vizuri. Mama hakukosea dawa hata siku moja. Sahani ndiyo iliyobadilika mara mbili, na kila mara aliyehukumiwa akawa kidonge.

Sasa nieleze kinachoendelea ndani. Ini ndilo linalotengeneza vile vitu vinavyoifanya damu igande ukijikata kisu. Viko vingi, na wataalamu wameviwekea namba. Vinne kati ya hivyo, yaani namba 2, 7, 9 na 10, ini haliwezi kuvikamilisha bila vitamini K. Na vitamini K mwilini ina akiba ndogo mno, kwa hiyo ini hutumia ujanja: ikishatumika, huirudisha katika hali yake ya mwanzo, ikatumika tena, na tena. Warfarini inaingia hapo hapo. Inaziba njia ya kurudishia. Vitamini iliyotumika inabaki imetumika, ini linatoa vitu vya kugandisha vilivyo dhaifu, na damu inachelewa kuganda. Kwa mwenye valvu ya chuma, au mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au aliyepata donge la damu kwenye mguu au pafu, huko kuchelewa ndiko kunakomuokoa asipate kiharusi.

Lakini vitamini K inapoingia kwa wingi kutoka kwenye sahani, ini halina haja ya ile ya zamani, limepata mpya. Dawa inazidiwa. Ikikatika ghafla kwenye sahani, dawa inatawala peke yake na damu inakuwa tayari kutoka popote. Daktari alipokupangia dozi, alikuwa kama fundi cherehani: kakupima ulivyo na nguo kakukatia hivyo. Ukinenepa inabana, ukikonda inakuvuka, na fundi hana kosa. Dozi yako ilikatwa kwa vipimo vya mwili wako pamoja na mboga zako.

INR ndiyo futi yake. Mtu asiyetumia dawa yuko kwenye 1 hivi. Wengi wenu mnatakiwa muwe kati ya 2 na 3. Wenye valvu ya chuma upande wa mitrali, yaani ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, mara nyingi hutakiwa kati ya 2.5 na 3.5. Yako imeandikwa mwanzoni mwa daftari lako, na kama haijaandikwa, leo usiondoke bila kuandikiwa. Na ukila mboga nyingi Ijumaa, usizitafute kwenye kipimo cha Ijumaa. Vile vitu vya kugandisha vilivyokwisha tengenezwa hukaa kwenye damu kwa muda, vingine saa chache, namba 2 inakaa siku kadhaa, kwa hiyo badiliko la leo linaonekana vizuri baada ya siku mbili tatu. Ndiyo maana mtu husema "nilikula na sikuona kitu". Hukuona kwa sababu ulitazama mapema.

Hapa mzee mmoja alinikatiza, na nilifurahi, kwa sababu alisema kinachosemwa vijiweni: "Dokta, mbona tunasikia hii dawa ni sumu ya panya?"

Mzee wangu, ni kweli. Sitakuficha. Na ukisikia ilikotoka utaona kwamba hii dawa tangu kuzaliwa kwake ina kesi na chakula.

Miaka ya 1920, huko Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, ng'ombe walianza kufa kwa kutoka damu. Ukimkata pembe ng'ombe, anatoka damu mpaka anakufa. Ukimhasi dume, anakufa. Madaktari wa mifugo wakagundua kwamba ng'ombe hao wamelishwa majani makavu ya aina ya klova, mazuri kabisa yakiwa salama, ila yamehifadhiwa vibaya yakaota ukungu. Ukiwaondolea lile jani, wengi wanapona. Februari 1933, katikati ya theluji, mkulima mmoja wa jimbo la Wisconsin aliyeitwa Ed Carlson alipakia gari lake ndama aliyekufa, mzigo wa yale majani na ndoo ya maziwa iliyojaa damu isiyoganda, akasafiri kilomita 300 hivi mpaka chuo kikuu cha Madison. Akafika maabara ya mkemia Karl Paul Link. Ilimchukua Link na wenzake miaka kuipata ile kemikali ndani ya majani. Kutokana nayo wakatengeneza nyingine yenye nguvu zaidi, wakaiita warfarini. Mwaka 1948 ikaanza kuuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alipopata shambulio la moyo, naye akapewa.

Panya anakula bila kipimo, na hana daftari la INR. Tofauti yenu na panya ni hiyo, na si ndogo. (Walicheka. Mzee alicheka zaidi.) Lakini nilikuwa nataka mkione kile cha ng'ombe: kilichowaua kilikuwa kwenye hori, na walipobadilishiwa majani walipona.

Turudi Kigoma. Vitamini K inakaa kwenye majani ya kijani, na kadiri jani linavyokuwa la kijani kilichokolea, ndivyo ilivyo nyingi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 90 kwa siku akiwa mwanamke, 120 akiwa mwanaume. Gramu 100 za mchicha mbichi zina zaidi ya 1,000. Gramu 100 za matembele mabichi zina kama 300. Sukuma wiki, spinachi, kisamvu, majani ya maboga, mnavu, wote ni ukoo mmoja. Kabichi ipo katikati. Bamia ina kidogo. Parachichi zima haliwezi kukusumbua. Nyanya, karoti, maharage, ndizi, wali, ugali, viazi, havina cha kutisha. Na samaki wetu wa Tanganyika, migebuka na dagaa, wako salama. Nasema hivyo kwa sababu kuna mtu alikuja kwangu ameacha mpaka dagaa, eti ameambiwa "vitu vya ziwani vinagandisha damu". Hapana.

Na mawese? Mafuta ya mawese yenyewe yana vitamini K kidogo sana. Lakini kuna jambo la kuangalia. Vitamini K inataka mafuta ndipo iingie mwilini vizuri. Mboga uliyochemsha kwa maji na chumvi tupu, sehemu kubwa ya vitamini inapita. Kisamvu kile kile kilichotwangwa kwenye kinu, kikapikwa na mawese au karanga mpaka kikakolea, kinakupa zaidi. Kwa hiyo ukibadilisha pishi umebadilisha dozi, hata kama fungu ni lile lile. Na moto wa jikoni hauiui. Msijidanganye kwamba ukichemsha mno umeiondoa.

Mama mmoja aliuliza, na swali lake lilikuwa bora kuliko hotuba yangu: "Unasema kiasi kile kile. Kiasi gani? Mizani jikoni hatuna."

Kweli kabisa, na mizani sitaki mnunue. Tumieni upawa. Chagueni upawa mmoja na sahani moja ya mgonjwa. Mkikubaliana kwamba mboga ya majani kwake ni pawa mbili, basi ni pawa mbili, siku zile mlizozoea. Msipime kwa fungu la sokoni, kwa sababu fungu la sokoni linadanganya. Masika, mchicha ukijaa, mama muuzaji anakufungia fungu la kujaza mikono miwili na anakuongeza la bure juu. Kiangazi, kwa bei ile ile, unapewa vijiti sita vimefungwa kamba. Anayepika fungu moja kwa siku mwaka mzima anadhani hajabadilisha kitu, kumbe mgonjwa wake amekula mara tatu zaidi ndani ya mwezi mmoja. Mboga zilizokaushwa nazo ziangaliwe: zikinyauka zinasinyaa, kiganja kimoja cha majani makavu kilikuwa lundo zima. Ndiyo maana naogopa unga wa mlonge unaouzwa kwenye vichupa, vijiko viwili asubuhi, vijiko viwili jioni, "unatibu magonjwa mengi". Ni majani yaliyokaushwa yakasagwa. Kijiko kimoja kina majani mengi kuliko unavyoona.

Kama umeishi bila mboga kwa miezi kama yule mama, usirudi nyumbani leo ukapika sufuria nzima kwa sababu mfamasia amesema kuleni. Anza na pawa moja, kila siku, na upime INR ndani ya wiki ile, ili dozi irekebishwe taratibu. Itapanda kidogo. Hakuna ubaya dozi kupanda. Ubaya ni INR kuyumba. Na asiyekula vitamini K kabisa ndiye anayeyumba zaidi, kwa sababu kwake hata sahani moja ya ugenini ni tetemeko. Mwaka 2007 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walichapisha majaribio yao kwa wagonjwa 70 ambao INR zao zilikuwa hazitulii bila sababu inayojulikana. Nusu yao waliwapa mikrogramu 150 za vitamini K kila siku kwa miezi sita, juu ya warfarini yao. Yaani waliwaongezea kitu kile kile wanachokatazwa. Waliopewa wakatulia kuliko wasiopewa.

Sasa Ramadhani, maana nusu ya ukumbi huu mnaningojea hapo. Nani afunge na nani asifunge, hilo mzungumze na daktari wenu na sheikh wenu, mimi si mwenye kauli. Kwa mwenye ruhusa, mambo ni mawili. Kidonge kinyweni saa ile ile kila usiku, baada ya futari, bila kuhama. Na muiangalie futari yenyewe: mihogo, magimbi, ndizi, tambi, uji, tende, kaimati. Jani liko wapi? Hakuna. Mwezi mzima mboga inapungua, na INR inaweza kupanda bila wewe kujua. Wekeni zile pawa zenu mbili kwenye daku au kwenye futari, na mpime kabla ya mwezi kuandama na tena wiki ya kwanza. Wakristo na Kwaresima yao hivyo hivyo: mtu anaacha nyama, anahamia mboga kila mlo, INR inashuka.

Na ugonjwa. Ukishikwa na malaria, ukaharisha, ukakaa siku tatu unakunywa maji ya ndizi tu, hiyo nayo ni kubadilisha sahani, tena vibaya. INR inapanda. Nenda kapime mapema, usisubiri tarehe ya kliniki.

Matunda nitayapitia haraka. Watu wa Ujiji mna maembe tangu enzi za babu zenu, na sitawakataza. Ila kuna taarifa za wagonjwa waliokula maembe kwa wingi mno kila siku na INR ikapanda, ikashuka walipoacha. Embe moja, mbili, sawa. Msimu ukianza, usigeuze maembe kuwa chakula cha mchana na cha jioni. Limao, chungwa, nanasi, kuleni kwa kiasi chenu.

Kitunguu saumu na tangawizi kwenye mchuzi havina neno. Nazungumzia ile chupa. Mnaijua: saumu kilo nzima, tangawizi, limao, asali, vinasagwa, vinachemshwa, kikombe asubuhi kwa ajili ya presha. Saumu ikiwa nyingi hivyo inapunguza nguvu ya chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba kidonda mwanzo kabisa. Ukiichanganya na warfarini umefungua milango miwili kwa wakati mmoja. Hali ni hiyo hiyo kwa vidonge vya saumu na vya bizari ya manjano vinavyouzwa kwenye mabasi. Dawa za mitishamba nazo: siwadharau wazee wanaozijua, lakini mizizi iliyochemshwa haina miligramu. Leo imekolea, kesho maji maji. Na kitu kisicho na kipimo hakiwezi kukaa pamoja na dawa ambayo maisha yake yote ni kipimo.

Pombe. (Kimya kikaingia ukumbini, wake wakawatazama waume.) Ukinywa nyingi kwa usiku mmoja, ini linashughulika na pombe, linaiacha warfarini ikae mwilini, na INR inapaa. Ukiwa mlevi wa kila siku, ini linajifunza kuivunja warfarini haraka, INR inashuka. Kisha ini lenyewe likichoka, inapaa tena, na safari hii hairudi. Juu ya hayo mlevi anaanguka, na aliyeanguka akagonga kichwa huku anatumia warfarini anakimbizwa hospitali hata kama anasema mzima. Gongo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hakuna ajuaye kilichomo. Ushauri wangu kwa mnywaji wa siku nyingi: usiache ghafla kimya kimya, njoo tuseme, maana hata kuacha kwako kutabadilisha dozi.

Sasa nitoke jikoni niende duka la dawa. Mniruhusu, najua mada ni chakula. Katika kazi yangu, waliokaribia kufa kwa mboga ni wachache. Waliokaribia kufa kwa dawa ya dukani ni wengi. Flagyl, yaani metronidazoli, ile ya tumbo. Septrin. Hizi mbili zinapandisha INR kwa nguvu, ndani ya siku chache, na zote mnazinunua kama peremende. Siprofloksasini na erithromaisini, antibiotiki nyingine, nazo zimo. Flukonazoli, dawa ya fangasi, imo. Za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, hazigusi sana INR lakini zinachubua tumbo na kuzidhoofisha chembe sahani, na damu inatoka tumboni kimya kimya. Aspirini vivyo hivyo, isipokuwa daktari wa moyo ndiye aliyekuandikia pamoja na warfarini, kwa sababu zipo valvu zinazohitaji zote mbili. Maumivu ya kawaida, tumia parasetamoli, kwa siku chache, si dozi kubwa wiki nzima mfululizo. Na sindano ya takoni, ile ya diklofenaki mnayoipenda kwa mgongo, kataa. Sema, "Natumia warfarini, sichomwi sindano ya nyama." Damu inaweza kuvilia ndani ya msuli paja likavimba.

Upande wa pili iko rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Inashusha INR vibaya sana, dozi ya warfarini inaweza kuhitaji kuongezwa mara kadhaa, na siku dozi ya TB ikiisha mambo yanageuka, INR inapanda. Mgonjwa wa namna hiyo apimwe mara kwa mara, mwanzo na mwisho wa tiba.

Mzee wa nyuma aliuliza kuhusu dawa mpya ambazo hazihitaji kupima. Zipo: rivaroksabani, apiksabani na wenzao. Hizo mboga hazizisumbui, kula kisamvu utakavyo. Rivaroksabani ya miligramu 15 na ya 20 inatakiwa imezwe na chakula, la sivyo haiingii yote. Lakini mwenye valvu ya chuma hapewi. Dabigatrani, mmoja wa hao wenzao, ilijaribiwa kwa watu wenye valvu hizo, na matokeo yaliyotoka 2013 yalionyesha madonge ya damu na damu kutoka zaidi kuliko kwa warfarini, jaribio likasimamishwa. Na wenye mapigo yasiyo na mpangilio kutokana na moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki, ambao huku kwetu si wachache, utafiti mkubwa wa 2022 ulionyesha kwamba waliotumia warfarini walifanya vizuri kuliko waliotumia rivaroksabani. Kwa hiyo usiuze mbuzi ukanunue dawa ya gharama kwa kuwa jirani anaitumia. Jirani ana ugonjwa mwingine.

Mabinti mlio kwenye umri wa kuzaa: warfarini inaweza kumharibu mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Ukipanga mimba, njoo kabla. Ukikosa siku zako, njoo siku hiyo hiyo, na usiache dawa mwenyewe, maana valvu nayo inaweza kuziba.

Ukisahau kidonge na ukakumbuka siku ile ile, meza. Ukikumbuka kesho yake, kilichopita kimepita, meza cha siku hiyo tu na uandike kwenye daftari. Usimeze viwili. Na msitambue vidonge kwa rangi. Kiwanda hiki kinapaka hivi, kile kinapaka vingine. Someni miligramu kwenye pakiti, na kama macho yamechoka, mjukuu asome.

Dalili za hatari mzishike pamoja na wapishi wenu. Choo cheusi kinachong'aa kama lami. Mkojo mwekundu. Pua au fizi zisizokatika damu. Michubuko inayojitokeza bila kugongwa. Hedhi iliyozidi ilivyozoeleka. Kichwa kinachouma ghafla kuliko kilivyowahi kuuma. Upande wa damu kuganda: mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kutotoka, mguu mmoja kuvimba, kukosa pumzi. Na wenye valvu ya chuma, mnajua ule mlio wake, tik, tik, usiku nyumba ikitulia hata mume anausikia. Ukibadilika ukawa hafifu au ukapotea, usingoje asubuhi.

Nimepewa karatasi hapa kwamba muda umekwisha na chai iko tayari. Chai ya rangi haina shida, mnywe. Waliokuja na madaftari yao wapange foleni kwenye meza ya kushoto, na kila mmoja asimame na mpishi wake, maana nitamuuliza yeye kwanza. Aliyemeza Flagyl au Septrin wiki hii asipange foleni, apite mbele.